Jasho Halinuki: Mitishamba Inafanya Kazi Gani Kwapani?

Anayetafuta dawa ya asili ya kikwapa kwa kawaida hupewa orodha: ndimu, mwarobaini, karafuu, siki, majani ya chai, shabu. Huelekezwa aponde, achemshe, apake asubuhi na jioni. Asichoambiwa ni sababu. Ndimu kwa nini? Karafuu inakwenda kufanya nini pale? Bila jibu la swali hilo mtu hubaki kubahatisha, na siku atakapochanganya vitu viwili vinavyouana nguvu hatajua kwa nini dawa imegoma.

Tuanze na jasho lenyewe, maana limesingiziwa kwa muda mrefu. Mwaka 1953 Walter Shelley, daktari wa ngozi wa Marekani, alichapisha pamoja na wenzake majaribio waliyofanya juu ya jasho la kwapani. Walilikusanya likiwa bichi. Sehemu iliyohifadhiwa bila bakteria haikunuka. Ile iliyoachwa pamoja na bakteria wa ngozi ilianza kutoa ile harufu tunayoijua sote. Kwa maneno mengine, mwenye kosa si jasho, ni wageni wanaolila.

Na si kila jasho wanalipenda. Mwili una tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na nyingi sana kati ya hizo hutoa maji na chumvi tu ili kuupoza mwili. Kuna kundi jingine dogo, lililojikusanya kwapani, kinenani na kuzunguka chuchu, ambalo hulala tangu mtoto anapozaliwa mpaka anapobalehe. Tezi hizi hutoa jasho zito kidogo, lenye mafuta na protini, na huamshwa na hofu, hasira na msisimko kuliko jua. Ndiyo maana mtoto wa miaka sita hushinda akikimbia juani, akarudi ameloa chapachapa, na kwapa lake lisinuke. Ndiyo maana pia mtu mzima aliyekaa kwenye kiti, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, akisubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi, anaweza kunuka.

Bakteria wa kundi la Corynebacterium huchukua malighafi zilizomo kwenye jasho hilo zito na kuzikata, zikabaki asidi ndogo zinazoruka hewani. Mmoja wa ukoo mwingine, Staphylococcus hominis, hutengeneza kemikali yenye salfa, inayonuka kama kitunguu kilichooza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walieleza umbo la kimeng'enya anachokitumia kuifanya kazi hiyo. Kemikali hiyo ya salfa ni chache sana kwa kiasi, lakini pua huinasa kwa urahisi wa kutisha. Ama zile asidi, wanaomfananisha mwenye kikwapa na beberu hawajakosea hata kidogo: ni ndugu wa asidi ya kaproiki, na jina hilo limetokana na neno la Kilatini la mbuzi.

Kuna jambo la urithi hapa ambalo watoa ushuhuda wa dawa huwa hawalijui. Jeni iitwayo ABCC11 ndiyo inayotengeneza mlango wa kupitishia malighafi hizo kutoka kwenye tezi. Wapo watu ambao mlango huo haufanyi kazi. Hao hawanuki kikwapa, au hunuka kidogo mno, na nta ya masikio yao huwa kavu, ya kuvunjikavunjika, badala ya kunata. Wengi wao wako Asia Mashariki, hasa Korea. Kwingineko ni wachache. Nta hiyo ya sikio ndiyo iliyowafikisha watafiti wa Japani kwenye jeni hii mwaka 2006. Kwa hiyo mtu akikuapia kwamba majani fulani yamemponya kabisa, una haki ya kumuuliza kama aliwahi kunuka.

Sasa tunaweza kuuliza vizuri. Dawa yoyote ya kupaka, iwe ya majani au ya dukani, ina njia chache tu za kulikabili jambo hili. Inaweza kuwapunguza bakteria. Inaweza kuwaharibia makazi, hasa kwa kuifanya ngozi iwe na asidi zaidi. Inaweza kukaza na kukausha ngozi ili chakula chao kipungue. Au inaweza kufunika harufu kwa harufu nyingine, jambo ambalo wengi hulidharau hadharani na kulifanya faraghani. Ukishika jani mkononi, liulize ni ipi kati ya kazi hizo linayoiweza.

Ndimu, siki, na mchanganyiko unaojiua wenyewe

Ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Kwa kipimo cha pH, ambapo 7 ni kati na namba zinazoshuka zinaonyesha asidi kuongezeka, ngozi nyingi huwa karibu na 5. Kwapa hukaa juu kidogo ya hapo kwa sababu ni pa joto, pamefunikwa na pana unyevu, na bakteria wa kikwapa hupapenda hivyo. Ukiishusha pH, wanadhoofika. Hapo ndipo ndimu na siki zinapopata sifa zao, na sifa hizo ni za haki.

Shida ni ukali. Maji ya ndimu yana pH ya karibu 2. Tofauti ya 2 na 5 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, kwa hiyo unachopaka kina asidi mara elfu moja kuliko ngozi yenyewe. Niliwahi kusugua nusu ya ndimu kwapani dakika chache baada ya kunyoa. Sitaeleza zaidi, aliyewahi kufanya hivyo ananielewa, na ambaye hajafanya asijaribu.

Kuna hatari nyingine ambayo haiumi mara moja, na kwa sababu hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ndimu, limau na jamii yake zina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikiwa kwenye ngozi na jua likazipiga, huiunguza ngozi: wekundu, wakati mwingine malengelenge, kisha doa jeusi linaloweza kukaa kwa wiki au miezi. Kwapa limejificha, kweli, lakini maji ya ndimu hutiririka mkononi na ubavuni, na aliyevaa nguo isiyo na mikono huondoka nyumbani akiwa amejipaka mstari wa kuungua. Ukitaka kuitumia, itumie usiku, iliyozimuliwa, ioshe baada ya dakika chache.

Mimi ningechagua siki kuliko ndimu, kwa sababu nguvu yake inajulikana. Siki nyingi zina asidi ya asetiki ya asilimia 5, imeandikwa kwenye chupa. Sehemu moja ya siki kwa sehemu tisa za maji inakupa nusu ya asilimia moja, kiwango ambacho ngozi nyingi zisizo na michubuko hukivumilia. Pangusa kwa kitambaa safi, subiri pakauke. Harufu ya siki huondoka yenyewe ikikauka.

Halafu kuna baikabonati ya soda. Si mtishamba, lakini haikosi katika orodha hizi. Yenyewe inakwenda upande wa pili kabisa: pH yake ni zaidi ya 8. Inapunguza harufu kwa kuzikamata zile asidi za beberu na kuzigeuza chumvi zisizoruka hewani. Kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini inaivua ngozi ile asidi yake ya kujilinda, na watu wengi hupata vipele na wekundu baada ya siku au wiki kadhaa za kuipaka. Magadi yenyewe ni makali zaidi na hayafai kabisa kupakwa kwapani.

Na sasa angalia ushauri unaopendwa kuliko yote: changanya maji ya ndimu na baikabonati, subiri povu, paka. Povu lile linaonekana kama nguvu ya dawa. Ni asidi na kinyume chake vinavyomalizana mbele ya macho yako. Kinachotoka ni hewa ya kabonidayoksaidi, na kinachobaki, vipimo vikilingana, ni maji yenye chumvi ya sitrati. Ndimu imekufa, baikabonati imekufa, wewe unapaka maiti zao.

Majani ya mvuke na majani ya tanini

Hapa ndipo mitishamba yenyewe inapoingia, na hapa ndipo namna ya kuandaa inapokuwa muhimu kuliko jina la mti.

Mimea inayonukia, kama mchaichai, mrehani, mkaratusi, karafuu, mdalasini, mnanaa na rozimari, hubeba nguvu yake kwenye mafuta yanayoruka. Karafuu ina yujenoli, mchaichai una sitrali, mdalasini una sinamaldehaidi. Kemikali hizi huua bakteria wa aina nyingi maabara, hilo limeonyeshwa mara nyingi. Lakini zina tabia mbili zinazomwangusha mchemshaji: haziyeyuki vizuri kwenye maji, na hupaa na mvuke. Ukichemsha mchaichai kwenye sufuria wazi kwa nusu saa, nyumba nzima itanukia vizuri na sufuria itabaki na maji ya rangi. Dawa imekwenda darini. Mimina maji ya moto juu ya majani, funika, acha dakika kumi au kumi na tano, chuja, acha yapoe. Hata hivyo utapata sehemu ndogo tu ya mafuta hayo, kiasi cha kusafishia na kuburudisha, siyo cha kufagia bakteria wote.

Mimea yenye tanini ni kinyume. Majani ya chai nyeusi, majani ya mpera, maganda ya komamanga: tanini huyeyuka vizuri kwenye maji moto wala haipai, kwa hiyo hii ichemshe bila wasiwasi. Tanini hushikana na protini za juu ya ngozi na kuikaza. Ni ile hisia ya ulimi kukauka unapokunywa chai iliyokolea. Kwa miguu inayotoa jasho na kunuka, sijui dawa ya nyumbani rahisi kuliko hii: chemsha chai iliyokolea kwa robo saa, ongeza maji baridi, loweka miguu dakika ishirini au thelathini, kila siku kwa wiki moja au zaidi. Kwapani haiwezekani kuloweka, basi tumia kitambaa. Angalia nguo nyeupe, chai huacha rangi. Manjano huacha zaidi, na kwa jambo hili hayana faida ya kukufanya upoteze shati.

Anayenunua mafuta yaliyokamuliwa tayari anahitaji tahadhari ya aina nyingine, kwa sababu sasa nguvu imezidi. Mafuta ya mti-chai, yanayotoka kwenye mti wa Australia uitwao Melaleuca alternifolia, usio na undugu na chai ya kunywa, ndiyo yanayotajwa zaidi. Kiungo chake kikuu, terpineni-4-oli, kinawaweza bakteria wa ngozi. Lakini yakipakwa bila kuzimuliwa huwasha, na yakikaa muda mrefu kwenye chupa iliyofunguliwa huharibika kwa hewa na kuwa chanzo kikubwa cha mzio. Tone moja au mawili kwenye kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi yanatosha kwapa zote mbili kwa siku kadhaa. Mafuta ya nazi nayo hayakai bure: karibu nusu ya mafuta yake ni ya asidi ya lauriki, ambayo haiwapendezi bakteria hawa. Mafuta ya karafuu na ya mdalasini ni makali zaidi ya hayo, na ningeyaacha nje ya kwapa kabisa. Yote haya yawekwe mbali na watoto. Mafuta ya mti-chai, ya mkaratusi na ya mwarobaini ni sumu yakinywewa, na kwa mtoto kiasi kidogo tu kinaweza kuleta balaa.

Mwarobaini wenyewe nimeuchelewesha makusudi, kwa kuwa unaheshimiwa kiasi kwamba kuutilia shaka huonekana utovu wa adabu. Vimiminika vyake vimeua bakteria maabara, ndiyo. Lakini maabara kimiminika cha jani huwa kizito, mara nyingi kimetolewa kwa alkoholi, na hukaa na bakteria siku nzima bila kuguswa. Kwapani unapangusa maji ya majani, unavaa shati, unatoka, na dakika ishirini baadaye jasho limeshayaosha. Maneno "imethibitika kuua bakteria" yana umbali mrefu wa kusafiri kutoka kwenye kisahani cha kioo mpaka kwenye mwili wa mtu anayekimbilia basi. Sisemi haufai. Nasema ukiutumia, tegemea kupunguza, usitegemee kukomesha.

Neno moja kuhusu shabu. Ni jiwe, si mmea, na inafanya kazi: ina uchachu, inakaza, inawabana bakteria. Wengi huikimbilia ili waepuke aluminiamu iliyomo kwenye dawa za dukani za kuzuia jasho. Shabu ya kawaida ni chumvi ya potasiamu na aluminiamu. Kama ndiyo sababu yako, umezunguka na kurudi pale pale.

Vinavyopita mdomoni

Ya kunywa ni machache yenye msingi. Seji, mmea ambao wataalamu huuita Salvia officinalis, umetumika Ulaya tangu zamani kwa watu wanaotoka jasho kupita kiasi, na Shirika la Dawa la Ulaya linautambua kwa matumizi hayo, likisema wazi kwamba msingi ni mapokeo ya muda mrefu. Una kemikali iitwayo thujoni, inayoweza kuleta degedege ikizidi, kwa hiyo mjamzito, anayenyonyesha na mwenye kifafa wauache.

Uwatu ni kichekesho. Hutajwa kwenye orodha za kusafisha mwili, ilhali mtu akiula kwa wingi jasho na mkojo wake huanza kunukia kama sukari iliyoungua, kwa sababu ya kemikali ya sotoloni inayopita mwilini bila kubadilika sana. Kuna wanaoifurahia harufu hiyo. Kitunguu saumu nacho hukaa kwenye pumzi kwa saa nyingi, lakini watafiti wa Ucheki walipowapa wanaume kitunguu saumu na kuwaomba wanawake wanuse vitambaa vilivyokaa kwapani mwao, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, harufu ya waliokula kiasi kikubwa ilionekana nzuri zaidi. Usinitake nieleze zaidi ya hapo.

Lililo muhimu kuliko la kunywa ni la kutokuingiza. Hakuna kati ya vitu hivi, si ndimu, si shabu, si mvuke wa majani, kinachopaswa kuingia ukeni. Uke wenye afya una asidi yake, pH ya takriban 3.8 hadi 4.5, inayolindwa na bakteria rafiki. Ukiwaua hao kwa dawa ya kuondoa harufu, unafungua mlango kwa maambukizi yanayoleta harufu. Nje, maji yanatosha.

Kabla hujachuma jani

Kazi kubwa huwa si ya jani. Nywele za kwapa hushika jasho na bakteria, na kuzinyoa hupunguza harufu kwa kiasi kinachosikika. Kuosha kwa sabuni kisha kukausha kabisa kuna nguvu kuliko dawa yoyote inayopakwa juu ya kwapa lenye unyevu. Na nguo: watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walilinganisha mwaka 2014 fulana za pamba na za poliesta baada ya mazoezi, na za poliesta zilinuka vibaya zaidi, kwani bakteria fulani hustawi kwenye nyuzi zake. Mtu anaweza kuwa ameshapona kwapani na bado anavaa kikwapa cha mwezi uliopita.

Zipo pia harufu ambazo si za kutafutiwa majani. Harufu ya matunda yaliyoiva sana kwenye pumzi ya mtu mwenye kiu kali na kutapika inaweza kuwa kisukari kilichopanda hatari, na hiyo ni dharura. Harufu ya samaki isiyoondoka kwa kuoga inaweza kuwa tatizo la kurithi la mwili kushindwa kuvunja kemikali ya trimethilamini. Majipu yanayorudi kwapani au kinenani, jasho la usiku linaloambatana na kukonda, kikwapa kwa msichana ambaye hajafika miaka 8 au mvulana ambaye hajafika 9: haya yapelekwe kwa daktari. Apelekwe pia yule anayeamini ananuka huku watu wote wa karibu wakimwambia hanuki, akajitenga na watu kwa ajili hiyo. Hajifanyi, na msaada upo.

Kwa aliyebaki na kikwapa cha kawaida na anataka kujua kama jani lake linafanya kazi, kuna jaribio lisilohitaji maabara. Kwanza paka kidogo ndani ya mkono, chini ya kiwiko, subiri siku mbili uone kama ngozi italalamika. Ikinyamaza, tumia dawa hiyo kwapa moja tu, la kushoto tuseme, kwa wiki mbili, na la kulia uliache lioshwe kwa sabuni na maji peke yake. Usiongeze dawa nyingine katikati. Pua yako usiiamini, imeshakuzoea kiasi cha kutokusikia. Siku ya kumi na nne vua shati jioni, umpe mtu asiyeogopa kukuambia ukweli, usimwambie ni upande gani uliopakwa, kisha umuulize upi una nafuu.